Paka Anaficha Nini? Dalili, Visababishi na Tiba ya Vituko vya Paka wa Nyumbani

Ukiuliza mtaani kwa nini paka anaukodolea ukuta macho saa nane za usiku, utapewa majibu matatu kabla hujamaliza swali: jini, mzimu, au kuna mtu kamtuma. Jibu la nne halitajwi sana, nalo ni kwamba kuna panya juu ya silingi. Mwongozo huu unafuata jibu la nne.

Utaratibu ni ule ule kwa kila dalili: anza na mwili wa paka, kisha nyumba, kisha wewe mwenyewe. Wengi huanzia mwisho, wakasema paka ana kiburi, ana kisirani, ana wivu. Kiburi hakina kipimo. Joto la mwili linacho.

Usiri wa paka umetoka kwenye ukoo wake. Paka wa nyumbani amezaliwa na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, Felis lybica, ambaye mpaka leo yuko kwenye vichaka vya Kenya na huzaana na paka wetu. Mnyama huyu huwinda peke yake, hana kundi la kumlinda akiugua, na kwa umbo lake yeye mwenyewe ni kitoweo cha wengine. Kwa hiyo akiumwa hujikunyata na kunyamaza. Wala hakuletwa nyumbani kwa kamba kama ng'ombe. Aliwafuata panya, na panya walifuata nafaka za wakulima wa kwanza. Huko Kupro amefukuliwa paka aliyezikwa kando ya mtu yapata miaka 9,500 iliyopita. Mkulima wa Kitale mwenye paka katika ghala la mahindi anaendeleza mapatano hayo hayo ya zamani.

Vipimo vya kuanzia

Paka mzima ana joto la nyuzi 38.1 hadi 39.2, kwa hiyo akikugusa na ukahisi ana joto kukuliko, hiyo si homa. Akiwa amelala hupumua mara 20 hadi 30 kwa dakika. Hesabu mbavu zinavyopanda kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Fizi ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Vuta ngozi iliyo kati ya mabega uiachilie: irudi papo hapo. Ikisimama kwa zaidi ya sekunde 2, amepungukiwa na maji.

Mpime uzito kila mwezi. Panda mizani ukiwa umembeba, panda tena bila yeye, toa. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo ni sawa na mtu wa kilo 72 kupungua 9, na kwa macho tu hutaona kitu kwa sababu ya manyoya.

Usitumie kukoroma kwake kama cheti cha afya. Paka hukoroma akiwa ameridhika, lakini hukoroma pia akizaa, akivunjika mguu na akikaribia kufa.

Anakojoa kitandani, kwenye nguo au kwenye kochi

Hili ndilo tatizo linalowafukuzisha paka wengi, na ndilo linaloamuliwa vibaya zaidi. Tenganisha kwanza mambo mawili. Je, amechuchumaa na kuacha dimbwi, au amesimama, mkia juu ukitetemeka, akanyunyizia kidogo ukutani? La pili ni kuweka alama, na mara nyingi ni dume asiyehasiwa. Dawa yake ni kumhasi, na akihasiwa mapema, mara nyingi tabia hiyo haiwahi kukomaa.

Kama ni dimbwi, angalia mwili. Kibofu kikiwaka, paka huhisi uchungu akiwa kwenye mchanga wake, akaamua kwamba mchanga ndio unaouma. Basi hutafuta mahali laini: kitanda chako, gunia la nguo, fulana ya mtoto. Hakukomoi. Tafuta damu kwenye mkojo, kwenda haja mara nyingi bila kutoa kitu, na kujilamba sehemu za chini kupita kiasi.

Dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia na hatoi hata tone, ameziba. Njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, na fuwele au kamasi huiziba. Huyu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usimpe maji ya limau, usimminye tumbo, usingoje Jumatatu. Ni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama ni kukodi boda.

Mwili ukiwa salama, geukia beseni. Hesabu inayofanya kazi ni beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Beseni liwe refu kumzidi paka mwenyewe ili ageuke ndani yake. Karai la plastiki la kufulia linatosha. Mimina mchanga wa mto uliochekechwa, kina cha sentimita 5. Toa kinyesi kila siku, badilisha mchanga wote kila wiki. Maranda yanafaa yasipokuwa na dawa ya mbao. Jivu la jikoni, ambalo hutumika nyumba nyingi, lina shida mbili: lina magadi yanayochoma nyayo likilowa, na pengine kaa hai limejificha ndani. Paka akiungua mara moja, beseni hilo limekwisha kwake.

Usiliweke karibu na chakula wala kwenye njia ya watoto. Katika chumba kimoja cha kupanga hakuna nafasi nyingi, lakini kona iliyo nyuma ya mlango ni bora kuliko kando ya jiko.

Usafishaji ndipo watu hukosea. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa ya sumu, na harufu inayobaki humvuta paka arudi pale pale. Kausha kwa kitambaa, osha kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, suuza, kisha paka siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Godoro lililolowa mpaka ndani lianikwe juani siku nzima, na rudia mara mbili.

Mja mzito asisafishe beseni. Kama hakuna mtu mwingine, avae glavu na afanye hivyo kila siku, kwani mayai ya vijidudu vya toksoplasma katika kinyesi huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi cha leo si hatari kama cha juzi.

Analia usiku kucha

Jike mwenye umri wa miezi 4 na kuendelea, asiyefungwa uzazi, akilia kwa sauti nzito, akigaragara sakafuni na kuinua makalio ukimgusa mgongo, si mgonjwa. Ana joto la kutaka dume, kama mfugaji wa ng'ombe anavyosema. Tofauti na ng'ombe, paka huendelea kwa takriban wiki moja, na asipopandwa joto hurudi kila baada ya wiki 2 au 3.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havisemi. Uzazi wa paka huendeshwa na urefu wa mchana. Katika nchi za kaskazini, mchana ukifupika mwishoni mwa mwaka, majike hupumzika. Ikweta inapita Maseno, magharibi mwa Kenya. Kisumu na Nakuru mchana ni saa 12 Januari na saa 12 Julai. Kwa hiyo hakuna msimu wa mapumziko. Mimba ni siku 63 hadi 65, na jike anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Anayesubiri "msimu upite" atasubiri akiwa na paka kumi na wawili.

Tiba ya kudumu ni kumfunga uzazi, na inaweza kufanywa kuanzia miezi 4. Muulize daktari saa ya kusimamisha chakula kabla ya upasuaji, kwa sababu kitoto hakinyimwi chakula kwa muda mrefu kama paka mkubwa. Mfungie ndani siku 10 hadi 14 mpaka mshono upone, na usimruhusu kuulamba. Sindano za kuzuia mimba zinazouzwa bei rahisi si mbadala: zikirudiwarudiwa huleta usaha katika mji wa uzazi na uvimbe wa matiti.

Akiwa tayari amehasiwa na bado analia, angalia saa. Paka ni mnyama wa machweo na alfajiri. Kulia saa kumi na moja asubuhi ni kawaida yake, na ukiamka kumpa chakula umemfundisha kwamba kulia kunalipa. Mchezeshe dakika 10 hadi 15 kabla ya kulala kwa kamba yenye kitambaa mwishoni, akimbie, arukie, ashike. Kisha mpe mlo wa mwisho. Kuwinda, kula, kujilamba, kulala: ndiyo ratiba iliyomo mwilini mwake. Ukianza kumpuuza asubuhi, atalia zaidi kwa siku kadhaa kabla ya kuacha. Usilegee siku ya nne.

Paka wa miaka 10 na zaidi anayelia usiku huku akikonda ijapokuwa anakula sana, apimwe tezi ya thairoidi, figo na shinikizo la damu.

Ukimpapasa anatulia, kisha anauma ghafla

Si ghafla. Ametoa onyo mara nne nawe ulikuwa unaangalia simu. Ncha ya mkia ilianza kucheza, ngozi ya mgongo ikapiga wimbi, masikio yakageuka pembeni, mkoromo ukakatika. Jino ni barua ya tano.

Jaribu hivi: mpapase sekunde 3, ondoa mkono. Akisogea na kuusukuma kwa kichwa, endelea. Akikaa tu, amekwambia inatosha. Mashavu, chini ya kidevu na mbele ya masikio ni mahali salama kwa paka wengi, maana humo mna tezi za harufu naye anafurahia kuipaka mkononi mwako. Mgongo karibu na mkia huwakera wengi. Tumbo ni mtego. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Akikubali mbele yako, amekuamini, lakini hajakualika. Miguu minne na makucha vyote viko tayari.

Paka ambaye zamani alipenda kubebwa na sasa anauma akishikwa mahali fulani, ana maumivu: jino bovu, jipu la kupigana, nyonga. Majipu ni mengi kwa madume wa mitaani. Paka shume humuuma mwenzake leo, kidonda kinafunga juu, na siku 3 hadi 5 baadaye uvimbe wa moto wenye usaha unajitokeza.

Kuna kitendawili kinachofanana na hili: mgeni anayechukia paka ndiye anayekaliwa mapajani. Maelezo ni mepesi. Wapenda paka huinama, hukodoa macho, hunyoosha mikono. Kwa paka hayo ni matayarisho ya kukamata. Asiyempenda hutazama kando na kukaa kimya, na hiyo ndiyo adabu ya kipaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2020 kwamba paka humsogelea zaidi mtu anayewafumbia macho polepole kuliko anayekaa na uso mkavu. Legeza macho kana kwamba una usingizi, fumba, fumbua, geuza uso kidogo. Mwenyewe akikufumbia, mmeelewana.

Anakodolea macho ukuta au dari

Sikio la binadamu hukoma kwenye hetzi 20,000 hivi. La paka hufika 64,000 na zaidi, na panya huongea katika sauti za juu ambazo wewe huzisikii kabisa. Nyumba ya mabati yenye silingi ni redio kwake: mjusi anatembea, mchwa anatafuna mbao, bati linapoa na kujikunja. Weka unga wa ngano kidogo kando ya ukuta anaoutazama, uache usiku mmoja. Nyayo zikionekana asubuhi, mzimu wako ana mkia.

Mtazame paka lakini. Anayesikiliza kitu hugeuza masikio moja moja, na ukimwita sikio moja hukujia. Anayekodoa bila kugeuka, anatafuna hewa, anadondosha mate au anabana kichwa chake ukutani, ana tatizo la ubongo, ini au sumu. Mrekodi kwa simu. Video ya sekunde 20 humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Panya wamejaa, yeye amelala

Usimnyime chakula ili awinde. Hamu ya kuwinda na njaa ni nyaya mbili tofauti kwenye kichwa cha paka. Mwenye njaa kali huwinda vibaya na huenda kuiba kwa jirani. Kinachohitajika ni mafunzo ya mama. Kitoto kinachotengwa na mama kabla ya wiki 8 kinakosa darasa la kuletewa panya mfu, kisha aliye nusu hai, kisha mzima.

Pili, panya yupi? Panya wadogo wa nyumbani ni mlo wa paka. Panya buku wa mitaro, hasa anayepita gramu 200, hupigana, na paka wengi humwacha apite. Utafiti uliochapishwa 2018 huko New York uliwatazama paka na panya wakubwa kwa siku 79 na kurekodi mauaji mawili tu. Kwa buku tumia mtego, ziba mashimo, funika mahindi. Paka ni askari wa zamu, si jeshi.

Usichanganye paka na sumu ya panya. Akila panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda, dalili hutokea baada ya siku 2 hadi 5: fizi nyeupe, uchovu, damu puani au kwenye kinyesi. Daktari anayo vitamini K1. Maziwa na mafuta ya kupikia havitibu sumu, humfanya apaliwe.

Na yule anayewaleta panya kitandani? Anapeleka mawindo mahali anapojiona salama. Usimchape. Ondoa kwa karatasi, osha mikono, mpe dawa ya minyoo kila miezi 3. Ukiona vipande kama punje za mchele mkunduni, ni tegu, na tegu huyo huletwa na viroboto, hivyo tibu vyote viwili.

Hali nyumbani, anakula kwa jirani

Mara nyingi jibu liko kwenye sahani. Ugali uliomwagiwa supu ya sukuma si chakula chake. Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya, na methali hii ina sayansi ndani yake: lazima apate taurini, iliyo katika nyama na samaki tu. Akiikosa kwa miezi, macho na moyo huharibika. Hata ladha ya sukari haijui.

Paka wa kilo 4 anahitaji kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Upande wa Ziwa Victoria, omena (dagaa) ndiyo rahisi. Gramu 40 hadi 60 za omena kavu zinakaribia kiasi hicho. Peta uondoe mchanga, loweka, mwaga maji, chemsha dakika 10 bila chumvi, kitunguu wala mchuzi. Vitunguu vya aina zote huharibu damu ya paka. Usimpe samaki mbichi kila siku. Wengi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka huishia kuyumba na kuinamisha kichwa kifuani. Moto hukiua. Samaki pekee mwaka mzima pia haifai, changanya na nyama, yai lililoiva, au maini mara moja kwa wiki, si zaidi, kwani vitamini A ikizidi hukaza shingo. Mgongo wazi uliokaangwa, yaani mabaki ya samaki aliyetolewa minofu, una mifupa ya kukwama kooni. Maziwa huwaharisha paka wakubwa wengi. Maji safi yatosha, mbali kidogo na sahani.

Paka akikaa siku 2 bila kula, hasa mnene, mpeleke kwa daktari. Mafuta hujaa kwenye ini.

Mmehama, naye ametoroka

Paka hushikamana na eneo kabla ya mtu. Usimsafirishe ndani ya gunia: Kisumu hadi Nakuru ni zaidi ya saa 3, na joto la gunia kwenye buti linaua. Tumia katoni imara yenye matundu, ndani weka shuka lenye harufu yake, usimpe chakula saa 4 kabla. Mkifika, chumba kimoja, mlango umefungwa, beseni na maji humo. Asitoke nje kwa wiki 2 hadi 3. Siku ya kwanza nje iwe kabla ya mlo wa jioni, akiwa na njaa.

Akitoroka, tafuta usiku na tochi. Macho yake yatang'aa. Wengi hupatikana ndani ya mita 500, chini ya magari, kwenye mitaro, juu ya dari za majirani. Nakuru penye baridi, gonga boneti ya gari kabla ya kuwasha: injini yenye joto ni kitanda.

Amejificha na hataki kuguswa

Kagua sumu kwanza. Panadol humwua paka. Hata nusu kidonge ni hatari. Dawa ya viroboto ya mbwa na dawa ya kupe ya ng'ombe kutoka agroveti, hasa zenye pemethrini au amitrazi, humletea mtetemeko na degedege. Amepakwa? Muoshe kwa sabuni ya sahani na maji vuguvugu, mfunge kwa taulo, mkimbize kwa daktari na chupa ya dawa mkononi. Nafthalini ya kabatini pia ni sumu.

Paka mpole aliyegeuka mkali bila sababu, au wa mwituni aliyegeuka mpole, akidondosha mate na kushindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Kenya ina mkakati wa kuukomesha ugonjwa huu ifikapo 2030, ulioanza 2014, na Kisumu na Siaya ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa mwanzo. Paka huchanjwa akiwa na wiki 12, kisha kila mwaka au kama cheti kinavyosema. Usimguse huyo kwa mikono mitupu. Mfungie chumbani umwite ofisa wa mifugo.

Ukiumwa na paka yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usilifunge kwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo. Meno ya paka ni kama sindano: tundu dogo, vijidudu ndani, na mkono unaweza kuvimba ndani ya saa 12 hadi 24. Kama paka anafahamika na ni mzima, achungwe siku 10 bila kuuawa. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi mateni alipouma. Wakati huo chanjo yako ya kichaa cha mbwa inaendelea kama daktari alivyopanga, na ni yeye anayesema lini ikome.